MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*
*Mada iliyosomwa na Katibu kwenye kikao cha Jumapili*

Ndugu wanachama,

 

Haya ni maandishi ya mada tuliyoisoma kwenye kikao cha Jumapili iliyopita. Tunayatuma hapa kwa sababu wengi hawakufika. Wengine walikuwa shamba na wengine msibani. Pia mwishoni kuna jambo linalohusu fedha zenu. Ni marefu. Tunaomba uyasome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

*1. SWALI LILIPOANZIA*

Mtakumbuka kikao cha mwezi uliopita. Tulikuwa tunajadili ujenzi wa ofisi ya tawi, mjadala ukahama. Mzee wetu mmoja alisimama akasema demokrasia ni maneno mengi, na kwamba nchi zilizokwenda mbio ziliongozwa na mkono mmoja wenye nguvu, ukisema jambo limekwisha. Kijana wetu mmoja akamjibu: "Mzee, huo mkono mmoja ndio uliua mamilioni." Mzee akamrudi: "Na hao mnaowaita wanademokrasia, si ndio waliotutawala kwa viboko?" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, maana wote wawili walikuwa wamesema kweli.

Tuliahidi kulirudia swali hilo. Sisi wa ofisi ya katibu hatukusomea historia, tulisomea uhasibu. Kwa hiyo tumelifanya kwa namna tunayoijua: tumefungua daftari la kila upande na kuandika hasara bila kumpendelea mtu. Halafu tukajiuliza swali ambalo mkaguzi hujiuliza: nani alikuwa na ruhusa ya kulifungua daftari hili, na alipolifungua alifanywa nini?

*2. DAFTARI LA SERIKALI ZA KIIMLA*

Tunaposema serikali ya kiimla hatuna maana ya kila serikali kali. Tunasema ile ambayo kiongozi mmoja na chama chake wameshika kila kitu: bunge, mahakama, magazeti, vyama vya wafanyakazi, mpaka mazungumzo ya sebuleni.

Tuanze na Urusi ya Kisovieti. Mwishoni mwa mwaka 1929 Stalin aliamuru wakulima waingizwe kwa nguvu kwenye mashamba ya pamoja. Serikali ikachukua nafaka kwa viwango vilivyopangwa mjini, mavuno yawe mazuri au mabaya. Agosti 1932 ikatoka sheria kwamba anayeiba mali ya shamba la pamoja anaweza kupigwa risasi au kufungwa miaka 10, na watu walifungwa kwa kuokota masuke tu. Januari 1933 wakulima wa Ukraine wakazuiwa kutoka kwenda kutafuta chakula mikoa mingine. Wakati huohuo nafaka iliendelea kuuzwa nje ya nchi, na serikali ikakanusha kwamba kuna njaa. Makadirio ya wanahistoria wengi ni kwamba watu kati ya milioni 5 na 7 walikufa katika nchi nzima, wengi wao Ukraine. Kazakhstan nayo ilipoteza sehemu kubwa sana ya wafugaji wake.

Sasa sikilizeni jambo lililotugusa sisi watu wa hesabu. Januari 1937 ilifanyika sensa. Stalin alikuwa amekwisha kutangaza hadharani, miaka mitatu kabla, kwamba nchi ina watu milioni 168, na alitarajia idadi iwe imeongezeka. Sensa ikaleta watu wapatao milioni 162. Pengo lilikuwa la mamilioni, na kila mwenye akili alijua limetoka wapi. Serikali ikaifuta sensa. Olimpiy Kvitkin, aliyesimamia kazi hiyo, alikamatwa na kupigwa risasi mwaka huohuo. Mwaka 1939 ikafanyika sensa nyingine, na safari hii jibu likawa milioni 170.

Ndugu zetu, mtu yule aliuawa kwa kujumlisha vizuri.

Twende Uchina. Mwaka 1958 Mao Zedong alianzisha mpango ulioitwa Hatua Kubwa Mbele. Vijiji viliunganishwa kuwa jumuiya kubwa, na viongozi wa chini wakashindana kupeleka taarifa za mavuno makubwa. Aliyevuna gunia 10 akaandika 30, maana anayeandika 10 aliitwa adui wa maendeleo. Serikali ikachukua sehemu yake kwa kufuata zile 30 za kwenye karatasi. Mkulima akabaki na ghala tupu na sifa njema.

Julai 1959 viongozi wa chama walikutana Lushan. Waziri wa ulinzi, Peng Dehuai, mwenyewe mtoto wa maskini na askari wa mapinduzi tangu zamani, alimwandikia Mao barua akisema mambo hayaendi. Hakutangaza gazetini, ilikuwa barua ya ndani, ya mwanachama kwa mwenyekiti wake. Akaitwa msaliti na kuondolewa uwaziri. Baada ya hapo nani tena angeandika barua? Mpango ukaendelea, na njaa ikaendelea mpaka 1961. Makadirio yanatofautiana sana, kuanzia watu milioni 15 hadi zaidi ya 40, na wengi wanataja milioni 30 hivi.

Katika nchi hizo mbili si kwamba habari hazikuwepo. Kila kijiji kilijua kimezika wangapi. Habari zilikosa njia ya kupanda juu bila kumuua aliyezibeba.

*3. DAFTARI LA DEMOKRASIA*

Sasa tumpe mzee wetu haki yake, maana daftari la pili nalo lina damu.

Mwaka 1943 Uingereza ilikuwa inapigana vita kwa jina la uhuru, na ilikuwa na bunge na magazeti yake. Mwaka huohuo, katika jimbo la Bengal kwenye koloni lake la India, watu kati ya milioni 2 na 3 walikufa kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Wajapani walikuwa wameiteka Burma na mchele wa huko ukakatika. Serikali ya kikoloni ilichukua mitumbwi na akiba za mchele za maeneo ya pwani ili zisije zikamfaa adui. Bei ikapanda hadi kibarua hawezi kununua kibaba. Maombi ya meli za chakula yalipofika London, baraza la vita la Churchill halikutoa meli za kutosha.

Tuje karibu. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola nchini Kenya, wafungwa waliozuiliwa kwa kutuhumiwa kuwa Mau Mau walipigwa marungu na askari kwa sababu ya kukataa kufanya kazi. Wakafa 11. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wamekufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Fikirini: watu wamevunjwa mifupa, na karatasi ya serikali inasema maji.

Tunataka hilo lieleweke vizuri. Uongo wa Hola ulikuwa uongo uleule wa Moscow, uliandikwa tu na serikali yenye bunge. Kuwa na uchaguzi hakumfanyi mtu kuwa malaika.

Na ukitazama waliokufa Bengal na Hola, wana jambo moja linalofanana: hawakuwa na kura London. Demokrasia ile iliwahesabu wenyeji wake, ikawaacha wengine nje ya daftari. Hata Marekani, ambayo husifiwa kwa katiba yake, iliwaweka watu weusi wa majimbo ya kusini nje ya kura kwa vitisho na hila mpaka sheria ya mwaka 1965. Kwa wale waliofungiwa nje, demokrasia ya watu wengine haikuwa na tofauti kubwa na utawala wa mtu mmoja.

*4. BASI TOFAUTI IKO WAPI?*

Iko kwenye kilichotokea baada ya maovu.

Bengal: tarehe 22 Agosti 1943 gazeti la The Statesman la Calcutta, lililokuwa mali ya Waingereza wenyewe, lilichapisha picha za watu wanaokufa barabarani, ingawa wakati wa vita habari zilikuwa zinabanwa. Mhariri wake, Ian Stephens, hakupigwa risasi. Aliendelea na kazi yake. London na dunia nzima wakaona. Oktoba akafika mtawala mpya, Wavell, akaenda Calcutta na kuliingiza jeshi katika kugawa chakula. Walichelewa mno, lakini aibu iliwafanya wasogee.

Hola: uchunguzi wa kisheria ulionyesha kwamba watu wale walikufa kwa kipigo. Julai 1959 suala likafika bunge la Uingereza, likajadiliwa usiku wa manane. Mmoja wa waliosema kwa ukali ni Enoch Powell, mbunge wa chama kilekile kilichokuwa madarakani. Alisema huwezi kuwa na kipimo kimoja cha uwajibikaji nyumbani na kingine Afrika. Hatumsifu Powell; baadaye alijulikana kwa hotuba zake dhidi ya wahamiaji weusi. Tunachosema ni kwamba hata mtu wa namna ile alikuwa na mahali pa kusimama na kusema serikali ya chama chake imekosea, na kesho yake akaamka nyumbani kwake.

Hata hivyo haki haikutendeka upesi. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile. Nyaraka nyingi za kikoloni zilifichwa Uingereza kwa miaka 50 hivi. Ilibidi wazee wa Kenya wafungue kesi London mwaka 2009, na ndipo mafaili yakatolewa. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilisema inasikitika na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Lakini daftari lilifunguliwa, na lilifunguliwa na wale waliopigwa.

Kuna mchumi mmoja, Amartya Sen, aliyekuwa mtoto wa miaka tisa huko Bengal alipoiona njaa ile kwa macho yake. Alipokua alichunguza njaa za nchi nyingi, akaandika kwamba njaa kubwa ya kuua watu kwa wingi haijatokea katika nchi huru yenye uchaguzi wa kweli na magazeti yasiyofungwa mdomo. India yenyewe ni mfano. Ukame mkali ulipoikumba Maharashtra mwanzoni mwa miaka ya 1970, wananchi waliandamana, wapinzani wakapiga kelele, na serikali ikaajiri watu karibu milioni 5 katika kazi za umma ili wapate hela ya kununua chakula. Mvua haikuwapendelea. Waliokolewa na kelele.

Lakini mkaguzi mwaminifu haachi ukurasa. Sen huyohuyo, pamoja na Jean Drèze, aliandika mwaka 1989 kwamba India huru imekuwa ikipoteza watu wengi kwa utapiamlo na maradhi ya kila siku, kiasi kwamba kila miaka minane hivi vifo vyake vya ziada, ukilinganisha na hali ya Uchina, vilizidi wale waliokufa katika njaa ile ya Uchina. Maana yake ni kwamba demokrasia huamka kwa kilio kikubwa, na huweza kulala usingizi mzito karibu na mtu anayekufa kimyakimya. Kwa hiyo haitoshi kuwa na ruhusa ya kusema. Lazima wawepo watu wanaosema, na wawepo wanaosikiliza.

*5. KUHUSU MKONO MMOJA NA MAENDELEO*

Mzee wetu alitaja Uchina ya leo. Ni kweli, imeinua mamia ya mamilioni ya watu kutoka kwenye umaskini, na sisi Watanzania tuna sababu ya kuwaheshimu; TAZARA walikuja kuijenga wakati wengine walituambia haina faida.

Lakini tazameni tarehe. Kuondoka kwenye umaskini kulianza kushika kasi baada ya Desemba 1978. Katika mkutano uleule wa chama uliofungua njia ya mageuzi ya uchumi, ndipo Peng Dehuai aliposafishwa jina, miaka minne baada ya kufa kwake kufuatia mateso. Mwaka 1981 chama chao kikaandika rasmi kwamba Mao alifanya makosa makubwa. Hatusemi Uchina iligeuka kuwa ya demokrasia, haikugeuka. Tunasema hata wao walipotaka kusonga walilazimika kwanza kurudi nyuma na kumpa haki yake aliyeandika barua. Miaka 19 ilikuwa imepita.

*6. HAPA KWETU*

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kuwauliza wananchi kama tubaki na chama kimoja. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kibaki. Tume ikapendekeza vyama vingi, na ikataja sheria 40 ambazo zilipaswa kufutwa au kurekebishwa kwa sababu zinabana haki za watu. Mwaka 1992 mfumo ukabadilika. Tunalikumbusha hili kwa sababu wapo wanaodhani demokrasia ni wengi kuwanyamazisha wachache. Tume ile iliwasikia wachache pia, na ndiyo maana leo kila chama nchini kinaweza kuwa na tawi kama hili.

Sasa tuje kwenye tawi lenyewe. Hapa ndipo tulipotokwa jasho kuandika.

Taarifa ya ujenzi tuliyoisoma ilisema michango yote ni shilingi 2,340,000, na kwamba tulinunua bati 40 kwa shilingi 28,000 kila moja. Wanachama wawili walipita pale ofisini, wakatazama juu, wakahesabu. Wakaandika kwenye kundi hili: "Mbona bati ni 34?" Ndani ya saa moja tuliwaondoa kwenye kundi kwa madai ya kuchafua uongozi. Siku iliyofuata lilikuja pendekezo kwamba kundi lifungwe waandike viongozi tu, na hesabu zisisomwe mpaka uchaguzi wa tawi upite. Sisi wa ofisi ya katibu tuliliunga mkono. Tulisema ni kwa ajili ya umoja.

Wakati tunaandaa mada hii tulifika kwa yule msimamizi wa sensa, tukashindwa kuendelea. Hatujilinganishi na Stalin. Bati sita si mamilioni ya watu, na kuondolewa kwenye kundi la simu si kupigwa risasi. Lakini hatua ya kwanza ilikuwa ileile: aliyehesabu ndiye tuliyemwondoa. Hatukupanda hata ngazi kuhakiki.

Basi tumehakiki. Bati ni 34. Ile 40 tuliinakili kutoka kwenye makadirio ya awali, hatukuisahihisha baada ya kununua. Tofauti ni shilingi 168,000. Kati ya hizo, shilingi 90,000 zililipwa kwa lori safari ya pili, hazikuandikwa. Tumepata maandishi ya mwenye lori. Shilingi 78,000 hatuna karatasi yake. Mwenyekiti, katibu na mhazini tumekubaliana kuzirudisha, shilingi 26,000 kila mmoja, na tayari zimeingia kwenye mfuko wa ujenzi. Wale wanachama wawili tumewarudisha kwenye kundi na tumekwenda nyumbani kwao kuwaomba radhi. Tunawaomba radhi tena hapa, mbele yenu nyote.

*7. MAPENDEKEZO YETU*

Tunapeleka haya kwenye kikao cha Jumapili ijayo, saa 9 alasiri, ili wanachama waamue:

a) Kundi hili libaki wazi kwa wanachama wote kuandika.

b) Mwanachama asiondolewe kwenye kundi bila kusikilizwa na kamati ya tawi, na sababu iandikwe.

c) Mapato na matumizi yasomwe kila baada ya miezi mitatu, uchaguzi uwepo usiwepo, na picha za risiti ziwekwe hapa.

d) Wachaguliwe wakaguzi wawili ambao si viongozi. Sisi tunapendekeza wale wawili waliohesabu bati, lakini uamuzi ni wenu.

e) Wenye sauti ndogo wapewe nafasi ya kwanza kuuliza maswali: kina mama, vijana, na wale ambao hawajaweza kuchanga.

Tulipomaliza kusoma mada hii Jumapili, yule mzee wetu alinyoosha mkono. Tulidhani atatetea mkono mmoja. Akauliza: "Mwaka huu mmeona aibu. Je, mwakani msipoiona?" Hatukuwa na jibu zuri, isipokuwa kwamba ndiyo maana tunaomba yaandikwe, yapigiwe kura, na yashikwe na watu wengine, siyo sisi. Mzee akasema, "Hapo sawa," akaketi.

Njooni Jumapili. Atakayeshindwa kufika aandike maoni yake hapahapa; yatasomwa yote, na ya kutupinga yatasomwa kwanza.



*Imetolewa na:*
*Ofisi ya Katibu wa Tawi*